Kipimo cha malaria kimetoka hasi, sasa unatafuta nini? Mwongozo kamili wa kutumia zana za utambuzi za mtandaoni

Alikuja saa nane mchana, benchi mbili za wagonjwa zikiwa bado zimejaa. Mfugaji wa miaka 34, mkononi ameshika daftari la shule ambalo kwetu ndilo faili la mgonjwa wa nje. Ukurasa wa kwanza umeandikwa malaria na UTI, akapewa mseto na siprofloksasini. Ukurasa wa pili, siku kumi baadaye na katika zahanati nyingine, umeandikwa taifodi, akachomwa sindano siku tano. Ukurasa wa tatu ulikuwa mweupe. Homa imefikisha wiki tatu, kipimo cha haraka cha malaria kimetoka hasi, na kalamu yangu ilikuwa imeshaanza kuandika taifodi kwa mara nyingine.

Nikaiweka chini. Niliyoyafanya baada ya hapo, kwa karatasi, kwa simu, kisha kwa kumrudia mgonjwa, ndiyo nataka kumweleza mwenzangu anayeona wagonjwa peke yake kwenye zahanati au kituo cha afya. Zana za mtandaoni za kutafuta magonjwa yanayoweza kueleza dalili zipo siku nyingi. Wengi wetu hatuzigusi, na tunaozigusa mara nyingi tunaandika "homa na kichwa", tunaletewa magonjwa 50, tunafunga simu. Kuna kazi moja ambayo zana hizi zinaiweza vizuri: kukuonyesha ulichosahau. Kuchagua ugonjwa upi ndio wenyewe ni kazi yako, na inafanyika pale mgonjwa alipo.

Ukubwa wa tatizo lenyewe

Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, watafiti waliwafuatilia watu 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi, KCMC na Mawenzi. Wagonjwa 528, yaani asilimia 60.7, walikuwa wameandikiwa malaria. Vipimo vya kina vilipokamilika, malaria ndiyo iliyokuwa chanzo kwa watu 14 tu, asilimia 1.6. Miongoni mwa waliobaki kulikuwa na maambukizi ya bakteria na fangasi kwenye damu, leptospirosisi, homa ya Q, homa za riketsia, brusela (ugonjwa wa bakteria ambao mtu huupata kwa mifugo), chikungunya. Magonjwa yatokayo kwa mifugo na wanyama yalikuwa mengi, na karibu hakuna aliyeyafikiria.

Moshi haina malaria nyingi, kwa hiyo usihamishe namba hizo kwenda Geita au Kibondo. Lakini hata Dar es Salaam na Ifakara, ambako watoto 1,005 wenye homa walipimwa kwa undani na matokeo yakachapishwa mwaka 2014, malaria ilipatikana kwa asilimia 10.5. Zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, mengi ya virusi.

Sisemi haya kuwalaumu wenzangu. Ukiona wagonjwa 60 kwa siku, akili inashika ugonjwa wa kwanza unaofanana na kushikilia hapo. Na hilo halitokei kwetu peke yetu. Mwaka 1999 nchini Uingereza, mtoto wa miaka mitatu aitwaye Isabel Maude aliugua tetekuwanga. Bakteria wakaingia, wakaanza kuozesha nyama chini ya ngozi na kumwaga sumu mwilini, lakini kila aliyemwona aliona tetekuwanga tu mpaka hali ikawa mbaya kabisa. Alipona. Baba yake, Jason Maude, pamoja na Dkt. Joseph Britto, wakajenga programu waliyoipa jina la mtoto huyo, Isabel, ili daktari mwingine aandike dalili na kukumbushwa kile ambacho hakikumjia. Ujuzi wa ugonjwa ule ulikuwepo vitabuni. Uliokosekana ni mtu wa kuutaja.

Kabla ya kugusa simu

Angalia dalili za hatari. Mgonjwa amepoteza fahamu, anapumua kwa shida, presha imeshuka, mtoto ana degedege, mama mjamzito anatoka damu: weka simu mfukoni, fungua njia ya hewa, weka dripu, pima sukari, anza matibabu ya dharura, piga simu ya rufaa. Orodha ya magonjwa itasubiri. Nimeona mtu akisoma skrini huku mgonjwa anapiga kwikwi ya mwisho wa pumzi, na sitaki uone.

Hatua ya 1: Andika orodha yako kwa mkono

Kabla ya kufungua chochote, andika magonjwa matatu hadi matano unayoyashuku, ile orodha ambayo wodini tunaiita difarensho. Mbele ya kila moja andika kinacholiunga mkono na kinacholipinga. Inachukua dakika mbili.

Usiruke hatua hii hata siku ya foleni ndefu. Ukianza na skrini, jina la kwanza litakaloonekana litakushika kama vile taifodi ilivyotushika, na hutajua tena ni kipi kilitoka kichwani mwako na kipi kilitoka kwa programu. Karatasi yangu siku ile ilisema: taifodi, kwa kuwa homa ni ndefu, ila ameshatibiwa, kifua kikuu, kwa kuwa anatoka jasho usiku na amekonda, ila hakohoi, VVU, hajapima mwaka huu, malaria iliyofichwa na dawa, ila kipimo ni hasi. Manne. Nikapiga mstari chini.

Hatua ya 2: Geuza maneno ya mgonjwa kuwa dalili

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na hakuna mwongozo wa programu yoyote utakaokueleza, kwa sababu wanaoziandika hawaongei na wagonjwa wetu. Programu inaelewa neno moja la kitabibu. Mgonjwa wetu anatumia neno moja kwa mambo manne.

"Nina kifua" inaweza kuwa kikohozi, pumu, au maumivu. "Moyo unaniuma" mara nyingi mkono unaenda kwenye chembe ya moyo, juu ya tumbo, na hapo unaongelea vidonda vya tumbo, siyo moyo. "Kichomi" ni maumivu makali ubavuni yanayozidi akivuta pumzi, na hilo ni neno la dhahabu: ukiliingiza kwa usahihi litakuletea nimonia, maji kwenye kifua, donge la damu kwenye mapafu. "Presha imenipanda" huenda ni moyo kwenda mbio tu na hajawahi kupimwa. "Homa" kwa wengi ni mwili kuuma na kunyong'onyea, hata kama joto ni nyuzi 36.8. Muulize: uliguswa na mtu akasema unachemka? Ulitetemeka mpaka ukaomba blanketi? Inakuja saa ngapi?

"Nguvu zimeisha" ndilo lililonifundisha. Inaweza kuwa uchovu wa kawaida. Inaweza kuwa misuli imelegea kweli, hawezi kusimama kutoka kwenye kigoda, na hapo ni ugonjwa wa neva au wa misuli. Na kwa mwanaume, mbele ya wauguzi na wagonjwa wengine, inaweza kuwa njia ya heshima ya kusema kitu kingine kabisa. Mfugaji wangu alisema, "Daktari, kiuno kinauma na nguvu zimeisha." Mimi nikaandika: maumivu ya mgongo wa chini, uchovu. Tutarudi hapo.

Andika kila dalili kwa lugha ambayo programu inaelewa. Nyingi zinataka Kiingereza cha kitabibu, kwa hiyo tafsiri maana, usitafsiri neno. Weka na muda: imeanza lini, inakuja vipi, imebadilika nini tangu dawa za mwanzo.

Hatua ya 3: Chagua zana inayofaa

Kuna zana za watoa huduma na kuna zana za wananchi, na hazifanani. Zile za wananchi zimejengwa kumwambia mtu aende hospitali au abaki nyumbani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walizipima 23 mwaka 2015: ugonjwa sahihi ulitajwa wa kwanza kwa asilimia 34 ya majaribio, na ndani ya majina 20 ya kwanza kwa asilimia 58. Zinafaa kwa shughuli yake, lakini usizitumie kupanga tiba. Inayogusa wasomaji wa Kiswahili ni Ada, ambayo tangu mwaka 2019 ina toleo la Kiswahili lililotengenezwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Muhimbili. Mimi huitumia kwa jambo moja: kusikiliza jinsi inavyouliza maswali kwa Kiswahili, kwa sababu baadhi ya maswali yake ni mazuri kuliko ninayouliza nikiwa nimechoka.

Kwa watoa huduma, Isabel inapokea dalili kwa maandishi huru pamoja na umri, jinsia na eneo la dunia. DXplain ya Hospitali Kuu ya Massachusetts, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984, ni ya taasisi, na uzuri wake ni kwamba inaeleza kwa nini imetaja ugonjwa fulani. Kwa homa katika nchi zetu ninayoipenda ni GIDEON, kwa sababu inauliza mgonjwa aliambukizwa nchi gani na inapanga magonjwa kwa kufuata yanayopatikana nchi hiyo. VisualDx ni ya ngozi, na wamefanya kazi ya kweli ya kukusanya picha za ngozi nyeusi, ambako wekundu wa vitabuni hauonekani kama wekundu. Hizi nyingi ni za kulipia. Muulize mkutubi wa chuo ulichosoma au wa hospitali ya rufaa kama taasisi ina usajili, na uulize pia kuhusu Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza mwaka 2002 unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida na vitabu vya tiba bure au kwa gharama ndogo.

Kisha kuna akili bandia za mazungumzo kama ChatGPT, ambazo sasa ziko kwenye simu ya kila mwanafunzi wa tiba. Nitazieleza peke yake baadaye.

Hatua ya 4: Ingiza machache yenye uzito

Kosa la kwanza ni kuingiza kila kitu. Uchovu, kichwa kuuma na kukosa hamu ya kula vipo kwenye karibu kila ugonjwa duniani, havitenganishi chochote. Chagua dalili tatu hadi sita ambazo zikikosekana ungebadilisha mawazo. Dalili adimu na ya uhakika ina uzito kuliko kumi za kawaida.

Nilijaribu kwanza kwa njia mbaya makusudi: homa, kichwa, uchovu, mwili kuuma. Orodha ikaja ndefu, kuanzia mafua hadi lupasi. Nikaifuta, nikaingiza upya: mwanaume, 34, Tanzania, homa inayopanda jioni kwa wiki tatu, jasho la usiku, maumivu ya mgongo wa chini, wengu umeguswa sentimita mbili chini ya mbavu, anaishi na ng'ombe na mbuzi. Orodha ikabadilika sura.

Mambo ya kuingiza kila mara: umri, jinsia, ujauzito, mahali alipo na alipotoka, hali ya VVU, na kazi. Kazi ndiyo tunayoisahau. Mkulima wa mpunga, mchimba madini, mchinjaji, mfugaji, dereva wa lori la mpakani: kila mmoja ana magonjwa yake. Programu ikikubali dalili ambazo hazipo, ziingize pia. Hakohoi, hana manjano.

Usiingize tafsiri za watu wengine. Ukiandika "taifodi isiyopona" umeifunga programu kamba ileile iliyokufunga wewe. Na Widal, kile kipimo cha damu cha taifodi, iliyotoka chanya kwenye zahanati jirani iache nje, kwa sababu kipimo kimoja cha Widal katika eneo ambalo watu wengi wameshakutana na bakteria wale hakithibitishi kitu.

Hatua ya 5: Soma orodha mara tatu

Mara ya kwanza soma ukitafuta kinachoua au kulemaza haraka. Homa ya uti wa mgongo, maambukizi ya vali za moyo, usaha uliofichika, mimba iliyotunga nje ya kizazi. Hayo hata kama yako nambari 17, yape swali lake moja na kipimo chake kimoja.

Mara ya pili soma ukiuliza: hiki kipo hapa? Programu haijui mvua ilinyesha lini kijijini kwako. Mwaka 1972 huko Leeds, Uingereza, F. T. de Dombal na wenzake walipima kompyuta iliyokokotoa chanzo cha maumivu ya ghafla ya tumbo. Kwa wagonjwa 304 ilipatia asilimia 91.8, daktari mkuu wa timu asilimia 79.6. Ilikuwa imelishwa takwimu za Leeds. Ilipopelekwa miji mingine usahihi ulishuka. Kwa hiyo asilimia au rangi unayoiona pembeni ya jina la ugonjwa si uwezekano wa mgonjwa wako kuwa nao. Inakuambia tu dalili zimefanana kiasi gani na maelezo waliyonayo wao.

Hapo ndipo ujuzi wako wa mahali unapoingia. Homa ya papasi haitapewa uzito na programu nyingi, lakini ukiwa Dodoma na mgonjwa analala kwenye nyumba ya tope yenye papasi kwenye nyufa, iweke juu. Chikungunya yenyewe ilipewa jina kwa Kimakonde baada ya mlipuko wa mwaka 1952 kule kusini, na bado watu huisahau kwa mgonjwa aliyejikunja kwa maumivu ya viungo. Kidingapopo, yaani homa ya dengi, kiliitikisa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019.

Mara ya tatu soma ukitafuta kinachowaambukiza wengine. Julai 2022, wilayani Ruangwa mkoani Lindi, watu walianza kuugua homa, kuumwa kichwa, kuishiwa nguvu na kutokwa damu puani. Ebola na Marburg zikapimwa, zikatoka hasi. Ilikuwa leptospirosisi, homa ya mgunda. Machi 2023 Kagera ikapata Marburg ya kweli. Ukiona wagonjwa wawili au watatu wanaofanana kwa namna isiyo ya kawaida, acha kuchimba mtandaoni: vaa kinga, watenge, mpigie Mganga Mkuu wa Wilaya.

Orodha yangu siku ile ilikuwa na brusela juu, kifua kikuu cha uti wa mgongo, maambukizi ya vali za moyo, homa ya Q, na chini kidogo saratani ya tezi. Linganisha na karatasi ya Hatua ya 1. Brusela sikuiandika. Mfugaji, wiki tatu za homa, na sikuiandika.

Hili linalingana na jaribio kubwa la mwaka 1994 nchini Marekani, ambapo programu nne zilipewa kesi 105. Ziliukosa ugonjwa sahihi mara nyingi, zikipatia kati ya asilimia 52 na 71. Lakini kwa kila kesi zilitaja wastani wa magonjwa mawili ya maana ambayo jopo la mabingwa halikuyafikiria. Hicho ndicho unachokuja kuchukua: jina moja au mawili.

Hatua ya 6: Mrudie mgonjwa

Kwa kila jina jipya fungua maelezo yake usome jambo moja tu: kama ni huu, ningekuta nini ambacho sijakitafuta? Kisha simama uende.

Ukurasa wa brusela ulisema maumivu ya maungio ya nyonga na mgongo, wengu, na kwa wanaume korodani kuvimba. Nilimwita tena, nikavuta pazia, nikamwomba muuguzi wa kike atupishe kidogo. Nikagonga pingili za mgongo kwa ngumi taratibu kutoka juu. Kwenye pingili za kiuno akashtuka na kushika ukingo wa kitanda. Nikamuuliza maziwa anayoyanywa yanachemshwa. "Ya kuchemsha ni ya watoto, daktari. Sisi tunakunywa yakiwa ya moto wa ng'ombe." Nikauliza kama kuna ng'ombe aliyetupa mimba karibuni. Wawili, na mmoja alimvuta ndama mwenyewe kwa mikono mitupu.

Kisha nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Uliponiambia nguvu zimeisha, kaka, ulimaanisha nini?" Akanyamaza. Akafungua mkanda. Korodani ya kulia ilikuwa imevimba mara mbili ya mwenzake, ya moto na inauma. Ilikuwa hivyo kwa siku tisa. Zahanati mbili zilizotangulia hazikumvua nguo, na mimi saa moja iliyopita sikumvua.

Hatua ya 7: Chagua kipimo kinachotenganisha

Usiagize kila kilichopo maabara. Ndugu wa mgonjwa ndio wanaolipa. Chagua kipimo ambacho jibu lake litabadilisha utakachofanya. Kwake: VVU, picha kubwa ya damu, slaidi ya damu ya malaria ambayo fundi maabara aliombwa atazame na vijidudu vya homa ya papasi, sampuli ya kifua kikuu, picha ya eksirei ya mgongo, na damu ya kipimo cha brusela kiitwacho Rose Bengal kwenda hospitali ya mkoa. Vile vipimo vya haraka vya brusela vya kuchanganya tone la damu kwenye kigae hutoa chanya nyingi zisizo za kweli, kwa hiyo sikutosheka navyo.

Kuna mtego hapa ambao programu haitakuonya. Dawa za brusela ni pamoja na rifampisini au streptomaisini, ambazo pia ni dawa za kifua kikuu. Ukimpa mgonjwa wa mgongo rifampisini ya brusela kumbe ana kifua kikuu, atapata nafuu ya uongo na bakteria watajifunza usugu. Maliza kwanza swali la kifua kikuu. Tiba yenyewe ifuate Mwongozo wa Matibabu wa Taifa. Dozi usiichukue kamwe kwenye zana ya utambuzi.

Akili bandia ya mazungumzo

Watu wananiuliza hii kila siku. Ushahidi unaotuhusu zaidi umetoka Nairobi: mwaka 2025 kliniki 15 za Penda Health ziliripoti ziara 39,849 za wagonjwa, ambapo baadhi ya watoa huduma walikuwa na msaidizi wa aina hii anayewasha kijani, njano au nyekundu wanapoandika. Waliokuwa nayo walifanya makosa ya utambuzi pungufu kwa asilimia 16, na ya matibabu pungufu kwa asilimia 13. Ripoti iliandikwa pamoja na OpenAI, watengenezaji wa modeli yenyewe, na msomaji azingatie hilo. Upande mwingine, mwaka 2024 madaktari 50 wa Marekani walipewa kesi za maandishi. Waliokuwa na GPT-4, modeli ya ChatGPT, walipata asilimia 76 ya alama, wasiokuwa nayo 74, karibu sawasawa. Modeli ikiwa peke yake ilizipita timu zote mbili. Maana yake, kuwa nayo hakutoshi, lazima ujue kuiuliza.

Usiiulize "ana ugonjwa gani?" Itakujibu kwa uhakika mkubwa hata ikiwa imekosea, na ikiona umeshapendelea jibu fulani itakufuata. Mimi huandika hivi: "Mimi ni daktari wa kituo cha afya kijijini Tanzania. Hizi ndizo dalili. Nimeshafikiria taifodi, kifua kikuu, VVU na malaria. Nitajie magonjwa matano ambayo sijayataja, na kwa kila moja swali moja la kumuuliza mgonjwa na ishara moja ya kutafuta mwilini. Kisha niambie ni dalili gani kati ya hizi haiendani na taifodi." Swali la mwisho ndilo bora kuliko yote. Ikitaja utafiti au kitabu, kitafute chenyewe kabla ya kuamini, kwa maana huwa inabuni marejeo yasiyokuwepo. Kiswahili inakielewa, lakini maneno kama kichomi, chango na mshipa huyatafsiri ovyo, kwa hiyo Hatua ya 2 bado ni yako.

Siri ya mgonjwa

Jina, namba ya simu, namba ya faili, kijiji na sura yake visiingie kwenye programu yoyote. Umri, jinsia, mkoa na kazi vinatosha. Picha ya ngozi ipigwe karibu, bila uso, bila tatuu, kwa ruhusa yake, na ifutwe kwenye simu yako binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019; taarifa za afya zimewekwa kwenye kundi linalolindwa zaidi. Na lile kundi la WhatsApp la wahitimu wenzako tunakotuma picha za wagonjwa usiku wa zamu nalo ni mtandao.

Bando likiisha au mnara ukikata, uwe na Mwongozo wa Matibabu wa Taifa uliopakuliwa kwenye simu, na karatasi moja ya dalili kumi unazokutana nazo sana na orodha zake, uliyoitengeneza mwenyewe siku ya utulivu. Yangu imebandikwa ndani ya kabati la dawa.

Hatua ya 8: Andika, toa tarehe, fungua upya

Andika kwenye faili unachokishuku na ulichokiondoa na kwa nini, ili atakayemwona kesho asianze na ukurasa mweupe. Mwambie mgonjwa wazi: ukiona hiki au kile, usisubiri tarehe, rudi usiku huohuo. Na siku akirudi, rudia Hatua ya 2 kwa taarifa mpya. Ugonjwa wa siku ya tatu na wa siku ya kumi na tatu ni ule ule lakini dalili zake zimeongezeka, na programu itakujibu tofauti.

Rose Bengal yake ilitoka chanya baada ya siku sita, makohozi na picha ya mgongo havikuonyesha kifua kikuu. Tukaanza doksisaikilini ya wiki sita pamoja na dawa ya pili. Siku ya kumi na nne alirudi kama tulivyopatana, homa imekwisha, uvimbe umepungua nusu. Nyuma yake alikuwa mkewe, amejifunga kanga mbili saa sita mchana. Naye ana homa za jioni, na mimba ya miezi mitano. Doksisaikilini haimfai. Nilimpa kiti, nikachukua karatasi mpya, na kabla ya kuandika brusela nikaandika mengine manne.